Chumba cha Vidonda Vilivyopona

Katika orodha ya watumishi waliokusudiwa kupunguzwa kazini mwaka 1997, jina la Paskazia lilikuwa la saba. Nalijua hilo kwa sababu orodha hiyo niliipiga chapa mimi mwenyewe. Nilikuwa karani wa mapokezi katika zahanati yetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka stendi ya Buzuruga kuelekea ziwani. Kwa kuwa nilisomea uhazili na taipureta sikuiogopa, ofisi za juu zilikuwa zikiniazima kila zilipokuwa na jambo lisilotakiwa kukosewa.

Mbele ya jina lake iliandikwa sababu ya maneno mawili: Hana cheti. Kwa mtu anayeheshimu ukweli, sababu ile haikuwa na dosari. Paskazia hakuwa na cheti. Alikuwa na miaka ishirini na saba ya kufunga vidonda, jiko la mafuta ya taa, na sufuria moja ya kuchemshia maji ambayo hakuruhusu itumike kwa chai.

Alizaliwa Ukerewe. Akiwa msichana wa miaka kumi na saba aliajiriwa kufagia zahanati ya masista, na baada ya mwaka mmoja sista mmoja mzee alimtoa kwenye ufagio akampa koleo la kushikia pamba. Alimfundisha kanuni moja tu, nayo Paskazia aliishika kama watu wengine wanavyoishika Kwaresima: bandeji iliyoshikana na nyama haivutwi. Huloweshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mpaka iachie yenyewe. Kazi hiyo huchukua dakika ishirini. Wafunga vidonda wengine walivuta, mgonjwa akapiga kelele mara moja, wakaita anayefuata. Paskazia alilowesha. Kwa sababu hiyo kila taarifa ya mwaka ilimtaja kwa sifa moja ileile: mzito wa kazi.

Nisingependa msomaji amfikirie kuwa mwanamke mwenye hekima nyingi. Alikuwa mdadisi. Dakika ishirini za kukaa kimya mbele ya mguu wa mtu zilimshinda, na hivyo aliuliza. Aliuliza umelala saa ngapi, umekula nini, mama mkwe ameondoka au bado yupo, na kwa nini shati limefungwa vifungo vya kupishana. Hakuwa na aibu yoyote. Dawati langu lilitenganishwa na chumba chake kwa ukuta wa hadibodi, kwa hiyo nilisikia maisha ya kata nzima bila kuyatafuta, na mengi nimeyasahau kwa makusudi.

Vidonda havikukosekana miaka ile. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa pwani yote ya ziwa, na visu vya kuchunia sangara havikuchagua kati ya minofu na vidole. Upande wa pili kulikuwa na viwanda vya zamani vilivyouzwa au kufungwa, na watu wake walirudi nyumbani na barua ya shukrani. Hao nao walikuja na vidonda vyao, ila ilikuwa vigumu kusema vimetokana na nini.

Mwanzoni mwa mwaka huo ndipo mradi ulipotuletea huduma ya afya ya akili. Barua ilieleza kwamba huduma hiyo haitatengwa tena katika hospitali kubwa za mbali. Itaunganishwa na matibabu ya kawaida, ili mwananchi aipate palepale anapopimwa malaria. Wazo lilikuwa zuri, nasi sote tulilisifu. Ili kuliunganisha, walitujengea chumba cha peke yake, namba tano, chenye mlango wa peke yake, na juu ya mlango wakaandika kwa rangi ya kijani, kwa herufi zenye urefu wa kiganja: HUDUMA YA AFYA YA AKILI. Mlango ulitazamana na benchi la wagonjwa.

Akaletwa Sista Hellen, muuguzi kijana aliyesomea kazi hiyo Dodoma. Alikuwa mpole, nadhifu, na alikuja na fomu yenye maswali ishirini. Alifungua mlango saa mbili kamili, akaketi, akasubiri.

Benchi letu lilikuwa refu, la mbao, na upande mmoja ulikuwa karibu na mlango wa namba tano. Kuanzia wiki ya kwanza hakuna aliyekubali kuketi upande huo. Watu walisogea, wakabanana upande wa pili, mpaka asubuhi moja mguu wa benchi ukainuka na wagonjwa tisa wakashuka sakafuni kwa pamoja. Hakuna aliyeumia sana. Paskazia alitoka na koleo mkononi, akawatazama.

"Haya, mmeona?" alisema. "Mmekimbia wazimu, mmeangukia ujinga."

"Mama, sisi hatujakimbia," alijibu mama mmoja akijipangusa kanga. "Tumepisha."

Kufikia mwezi wa tano, daftari la Sista Hellen lilikuwa na majina matatu. La kwanza ni la mzee aliyekuwa akitafuta choo. La pili ni la mlevi aliyeletwa na mgambo, akalala, akaamka, akaomba msamaha. La tatu ni la fundi aliyerudi kurekebisha rangi ya herufi. Sista alimuuliza maswali yote ishirini kwa sababu alikuwa hapo.

Wakati huohuo chumba cha Paskazia kilikuwa hakiingiliki kwa wingi wa watu. Miongoni mwao alikuwamo Bwana Obedi, na Jumanne ilikuwa siku yake. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, aliyevaa siku zote ovaroli ya bluu ya kiwanda cha nguo, iliyofuliwa na kupigwa pasi. Alikuja mara ya kwanza mwezi wa nane wa mwaka 1996 na jeraha katika ugoko, alilolipata kwa kuteleza kwenye mawe ya ziwani. Tangu hapo hakukosa Jumanne hata moja. Nilimsikia akiingia, kiti kikasogezwa, maji yakamiminwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leta mguu. Nyie Wasukuma mna miguu ya kufuata ng'ombe, hata ikiumwa haina habari."

"Na nyie wa visiwani mna midomo ya kuita samaki."

"Samaki wenyewe siku hizi hawaitiki, wanapanda ndege kwenda Ulaya. Umelala?"

Maji yakaongezwa.

"Saa mbili hivi."

"Na mkeo?"

"Odeta analala vizuri. Anajua mshahara umechelewa tu."

Kiwanda kilikuwa kimempunguza Obedi mwezi wa pili wa mwaka 1996. Mke wake hakujua. Kila asubuhi alimfungia chakula, naye akaondoka na ovaroli yake, akazurura mpaka saa kumi na moja, akabeba barafu mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, palipokuwa na barafu ya kubeba, akarudi nyumbani amechoka kama mfanyakazi yeyote. Hayo nayaandika sasa kwa sababu baadaye aliyasema mwenyewe mbele ya watu. Wakati ule nilikuwa nimekwisha kuyasahau kwa makusudi, pamoja na mengine.

Mwezi wa tano uleule ikaja barua. Bwana Yeremia, mratibu wa mradi mkoani, angetutembelea Jumanne tarehe tatu Juni. Angetazama chumba namba tano kina faida gani, na papo hapo angethibitisha orodha ya watumishi wasio na vyeti. Mganga wetu mfawidhi, Bwana Josephat, ambaye hakuwahi kupingana na barua yoyote, aliniagiza niandae jedwali la kazi za kila chumba: jina la mgonjwa, aina ya ugonjwa, idadi ya mahudhurio.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Jedwali lilipokamilika niliona lina upungufu. Kwa vidonda, nilifikiri, mtu yeyote makini angetaka kujua vilichukua muda gani kupona. Nikaongeza safu ya nne, Siku za Kupona, nikaipigia mstari kwa rula. Hakuna aliyeniomba. Nilifanya hesabu zangu jioni mbili, nikazihakiki, na zilikuwa sahihi kabisa. Zilionyesha kwamba vidonda vilivyofungwa na Paskazia vilipona polepole kuliko vya zahanati yoyote niliyowahi kuona takwimu zake, na kwamba kimoja, cha ugoko, kilikuwa kimekaribia siku mia tatu. Nilitambua nilichokiandika baada ya nakala zote kuondoka.

Nilimwendea Paskazia, nikamweleza. Alinisikiliza huku akiwasha jiko.

"Evelina," alisema, "umeandika uongo?"

"Hapana, mama."

"Basi unalia nini? Uongo ndio unaoliliwa. Ukweli tutautafutia namna."

Hakuitafuta namna yoyote. Jumanne ilipofika alichemsha maji yake kama kawaida. Bwana Yeremia alishuka kwenye gari akiwa na jedwali langu mkononi, na safu ya nne alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu. Hakutazama kwanza chumba namba tano. Aliingia moja kwa moja katika chumba cha vidonda, akamkuta Obedi amekwisha kunyoosha mguu.

"Huyu ndiye wa siku mia tatu?" aliuliza. "Fungua hiyo bandeji."

"Marahaba," alisema Paskazia.

Bwana Yeremia alikuwa na umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho. Benchini mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

"Shikamoo, mama," alisema mratibu.

"Marahaba ya pili. Karibu kiti. Bandeji itafunguka baada ya dakika ishirini."

"Dakika ishirini za nini? Kitambaa ni kikavu, ninakiona. Kivute."

"Hapa hatuvuti."

Bwana Josephat alieleza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa mvua, kwamba ndivyo mama alivyozoea. Maji yalimiminwa. Bwana Yeremia alisimama akitazama saa yake, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, kulowesha kulipita bila swali hata moja. Dakika zilipotimia Paskazia akaanza kuizungusha bandeji, mzunguko baada ya mzunguko, kwa uangalifu uleule ambao angeutumia kama chini yake pangekuwa na kidonda. Palikuwa na kovu jembamba, laini, linalong'aa kama upande wa ndani wa gamba la konokono.

"Kimepona lini hiki?"

"Mwezi wa tisa," alisema Paskazia.

"Wa mwaka jana?"

"Wa mwaka huu bado haujafika, baba."

"Kwa hiyo miezi yote hii ulikuwa unafunga nini?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari, nami nilijua kwamba jibu lolote la kweli lingekuwa siri ya mtu mwingine, na kwamba Paskazia asingelitoa hata kama ndilo lingeondoa jina lake pale namba saba. Aliweka bandeji iliyolowa katika sahani, akaipanga vizuri ingawa haikuhitaji kupangwa.

Aliyesema ni Obedi.

"Bwana mkubwa, kiwanda kilinitoa mwaka jana mwezi wa pili. Mke wangu hajui. Jumatatu nakaa mwaloni, Jumatano nakaa stendi, Alhamisi natembea tu. Jumanne nakuja hapa. Sasa bila bandeji, nitakaa kwenye benchi hili kama nani?"

Obedi aliendelea, akiutazama mguu wake.

"Mwezi wa tatu niliamua kwenda majini nisirudi. Nikamwambia mama huyu wakati kitambaa kinalowa. Akaniambia Jumanne ijayo kuna bandeji ya kubadilisha, nisimharibie ratiba. Basi nikaona aibu, nikaja."

Sista Hellen alikuwa ametoka chumba namba tano na kusimama nyuma yangu. Aliingia akapiga magoti kando ya beseni, palepale ambapo Paskazia hupiga magoti, akamuuliza Obedi kama mawazo yale yamerudi tangu mwezi wa tatu, na anakula, na anaamka saa ngapi. Yalikuwa maswali ya fomu, ila hakuwa na fomu. Obedi alimjibu yote. Mwishoni akaona kalamu mkononi mwake.

"Sista, nakuomba. Usiniandike kwenye kitabu cha mlango ule."

"Nitakuandika katika hiki hiki cha vidonda," alisema Hellen, akanipokonya daftari kwa adabu.

Bwana Yeremia alilikunja jedwali langu. Kisha akamgeukia Paskazia.

"Mama, walio hapo nje wenye bandeji, wako wangapi wa namna hii?"

Paskazia alichungulia. Watu saba waliinamisha macho, kila mmoja akiushika mkono au mguu wake kana kwamba utaporwa.

"Wawili wana vidonda," alisema. "Hao wengine wanaumwa."

Sitadai kwamba moyo wa mratibu uliguswa. Kwa nilivyoona mimi, zilizoguswa ni hesabu zake. Alikuwa na taarifa ya kupeleka kwa wafadhili kabla ya mwisho wa Juni, na katika taarifa hiyo chumba namba tano kilikuwa na mtafuta choo, mlevi na fundi rangi. Mbele yake sasa walikuwa wagonjwa watano wa asubuhi moja, Obedi akiwa wa sita. Aliomba kiti, akaketi, akaanza kuandika. Sehemu aliyonipa niipige chapa ilisema kwamba huduma ya afya ya akili katika zahanati hii imeunganishwa kikamilifu na matibabu ya kawaida, kwa kiwango ambacho mgonjwa mwenyewe hawezi kuitambua. Sikuwahi kupiga chapa sentensi yenye ukweli mwingi kiasi hicho kwa bahati mbaya.

Lilibaki suala la cheti. Mfunga vidonda asiye na cheti hakuwa na nafasi serikalini, na mradi haukuweza kumlipa kwa kuuliza watu maswali, kwa kuwa kwa hilo nako hakuwa na cheti. Bwana Josephat ndiye aliyepata ufumbuzi, tena bila kupingana na barua yoyote: mradi ulikuwa na nafasi ya mhudumu wa kuchemsha maji.

"Kwa hiyo nimepandishwa cheo?" Paskazia aliuliza.

"Umeshushwa, mama," nilisema.

"Maji ni yale yale?"

"Ni yale yale."

"Basi nipe kiberiti, watu wanangoja."

Niliipiga chapa upya orodha ya wilaya. Nililiondoa jina la saba, na wa nane akawa wa saba. Simfahamu. Nimekuwa nikimfikiria mara kwa mara.

Sista Hellen alihamia chumba cha vidonda na stuli yake. Wiki za kwanza hazikuwa rahisi. Alikuwa akiuliza maswali kwa mfululizo wa fomu, na Paskazia alimkatiza mbele ya wagonjwa: "Sista, unamhoji kama uhamiaji. Ngoja maji yafanye kazi." Lakini haikupita muda naye Paskazia akapata somo lake. Kulikuwa na mama mmoja, Roza, mchoma samaki kutoka upande wa Mara, ambaye kila baada ya miezi michache aliletwa ameungua mkono au bega. Paskazia alikuwa amemfunga kwa miaka mitatu na alijua kila kitu chake, mpaka majina ya mbuzi. Hellen alimuuliza swali moja: kabla ya kuangukia moto, huwa anakumbuka nini? Roza hakuwa akikumbuka chochote. Kilikuwa kifafa. Alipewa vidonge, na moshi wake ukawa wa samaki peke yake.

"Miaka mitatu," Paskazia alisema siku ile, akisugua sufuria kuliko ilivyohitaji. "Nimeuliza mpaka mbuzi."

Chumba namba tano kikawa stoo ya bandeji. Maandishi ya kijani yameachwa, kwa kuwa taarifa inasema chumba kipo. Wageni wa mradi wanapokuja hupigwa picha mbele yake, kufuli ikiwa imefunikwa na mtu mmoja mnene. Upande ule wa benchi bado hauketiwi. Tumelipigilia misumari sakafuni.

Jumanne tarehe ishirini na mbili Julai, Bwana Obedi alikuja amevaa shati la kawaida na suruali iliyokunjwa hadi magotini, kama wabebaji wa mwaloni. Ugoko wake ulikuwa wazi. Aliketi, akanyoosha mguu kwa mazoea, akaurudisha.

"Bandeji iko wapi?" Paskazia aliuliza, tena kwa ukali.

"Nilimwambia Odeta. Jumapili, baada ya kanisa."

"Akasemaje?"

"Alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Kisha akasema alijua tangu Krismasi. Chakula alikuwa anafunga kwa sababu hakutaka nizurure na njaa."

Nilisikia jiko likizimwa. Hatimaye Paskazia alisema, "Na Jumanne ijayo?"

"Jumanne ijayo barafu inashuka mapema, mama. Nitakuja Ijumaa kukusalimia."

Alipoondoka, Paskazia alichungulia dirishani kwangu akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Evelina, mwandike amepona."

Nilifungua safu yangu ya nne. Nilihesabu kuanzia tarehe ishirini Agosti ya mwaka uliotangulia, nikahakiki mara mbili, nikaandika kwa wino: siku mia tatu thelathini na sita. Ndicho kidonda kilichochelewa zaidi kupona katika historia ya zahanati yetu. Sikuona haja ya kuandika maelezo pembeni.